Gome la Peremende: La Kopo, la Chokoleti Halisi, au la Vidonge vya Kuyeyusha?

"Mama mdogo, ninunue lile la kopo au nitengeneze mwenyewe?" Binti wa dada yangu anasoma Texas, na kila Novemba ikikaribia kwisha hunipigia simu na swali hili. Si yeye peke yake. Jirani wa ghorofa ya chini ameniuliza, akina mama wa jumuiya yetu hapa Minneapolis wameniuliza, na haja yao ni ileile: wameambiwa kazini au shuleni kwa watoto wapeleke kitu cha Krismasi, nao wameona kwamba meza ya Desemba ya Wamarekani haikosi chokoleti yenye peremende. Nimelijibu vipandevipande kwenye simu kwa miaka kadhaa, leo naliandika lote.

Chenyewe kinaitwa Peppermint Bark. Bark ni gome la mti, na jina limekaa mahali pake: ni bapa la chokoleti lisilo na umbo maalumu, tabaka jeusi chini, tabaka jeupe juu, na juu kabisa pipi nyekundu na nyeupe zilizopondwa. Likishaganda, bapa zima huvunjwa kwa mkono vipande vya ukubwa wowote, kama mtu anayebandua gome. Mimi naliita gome la peremende. Najua Mkenya akisikia peremende huwaza pipi yoyote ile, lakini kamusi zetu bado zinalikumbuka neno hili kama pipi ya mnanaa, ile inayopoza ulimi, na hapa ndiyo maana ninayoitaka. Kampuni ya Williams-Sonoma, iliyoanza mwaka 1956 na duka la vyombo vya jikoni katika mji wa Sonoma, California, ilianza kuuza gome lake mwaka 1998, likaenea nchi nzima. Siku hizi lina hata siku yake kwenye kalenda ya Wamarekani, Desemba 1.

Njia ziko tatu. Unaweza kununua la kopo. Unaweza kutengeneza nyumbani kwa chokoleti halisi. Au unaweza kutengeneza kwa vile vidonge vya kuyeyusha vinavyouzwa kwenye mifuko, rafu moja na unga wa keki. Wengi hulinganisha bei kwanza. Mimi nawaomba waanze na mafuta.

Mafuta ndiyo yanayoamua

Ubaridi wa peremende si baridi ya kweli. Mafuta ya mnanaa yana mentholi, na mentholi huamsha vipokezi vya neva ambavyo kazi yake ni kuupasha mwili habari za baridi. David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, mmoja wa washindi wawili wa Nobel ya tiba ya mwaka 2021, alianza na pilipili: alitafuta kipokezi kinachoitikia ukali wake, akakuta ni hichohicho kinachoitikia joto. Kisha yeye na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa njia yake, wakatumia mentholi kukipata kile cha baridi. Basi unapokula peremende kinywa hakijapoa hata kidogo. Ni neva tu zilizopelekewa ujumbe huo.

Siagi ya kakao nayo ina baridi yake, na hii ni ya kweli. Siagi hii ni ngumu kwenye joto la kawaida la nyumba, lakini huyeyuka karibu nyuzi 34 za Selsiasi, chini kidogo ya joto la kinywa. Ikiyeyuka huchukua joto kutoka ulimini, kama barafu inavyolichukua kutoka kiganjani. Ukiviweka viwili hivyo mdomoni kwa pamoja, ubaridi wa ujumbe na ubaridi wa kweli, unapata ile hewa safi inayopanda hadi puani ambayo watu huisubiri mwaka mzima. Ndiyo sababu nasema moyo wa gome hili ni tabaka jeupe, ambalo si kitu ila siagi ya kakao, maziwa na sukari. Jeusi kazi yake ni kulibeba na kulikatia utamu.

Vidonge vya kuyeyusha havina siagi hiyo. Badala yake vina mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, yaliyosindikwa yagande. Mafuta hayo hayana kosa. Kigoma watu wameyatumia tangu zamani. Lakini kwenye pipi hii huacha utando kwenye kaakaa, na peremende hubaki nyuma ya utando huo. Niliwahi kuwafumba macho wanangu wawili nikawapa kipande cha kila aina. Wote wawili walisema kimoja kina peremende nyingi kuliko kingine, na mimi nilikuwa nimetia kiasi kilekile.

Dukani utazitofautisha kwa kusoma mfuko. Tangu mwaka 2004 sheria ya Marekani hairuhusu kitu kiitwe chokoleti nyeupe kama hakina angalau asilimia 20 ya siagi ya kakao na asilimia 14 ya maziwa makavu, na sukari isizidi asilimia 55. Nchi za Ulaya nazo zinadai asilimia 20 hiyohiyo ya siagi ya kakao. Kwa hiyo mfuko ukiandikwa "white chips" au "melts" bila neno chokoleti, hawakulisahau: hawana ruhusa ya kuliandika. Geuza mfuko, tafuta "cocoa butter" kwenye orodha. Isipokuwemo, umeshika kidonge.

La kopo

Gome la kopo ni zuri, na nalisema hili nikiwa mtu anayependa kujitengenezea. Lile la Williams-Sonoma hutumia chokoleti ya Guittard, kampuni ya familia iliyoanzia San Francisco mwaka 1868, na peremende imeingizwa ndani ya chokoleti yenyewe, haikuachiwa pipi za juu peke yake. Matabaka yameshikana. Kopo ni la kupendeza, na likiisha linahifadhi nyuzi na sindano miaka kumi. Ukitaka kumpa mwalimu, daktari wa watoto au mkubwa wako wa kazi zawadi inayojulikana bila maelezo, nunua hilo usisite.

Bei ndiyo inayouma. Ratili moja, gramu 454, miaka ya karibuni imevuka dola 30 kabla hujaingia msimu wa punguzo. Kakao yenyewe ilipanda vibaya: mwishoni mwa 2022 tani moja ilikuwa chini ya dola 3,000 katika soko la New York, na Desemba 2024 ikapita dola 12,000 baada ya mavuno mabaya ya Afrika Magharibi. Imeshuka tangu hapo, lakini bei ya dukani ikishapanda hushuka kwa mwendo wa kinyonga.

Lipo pia la vipande vidogo vya mraba, kila kimoja kimefungwa peke yake, la Ghirardelli, jina jingine la San Francisco, la tangu 1852. Kwa ladha naliweka chini ya lile la kopo, kwa sababu kipande ni chembamba na pipi zake ni punje ndogo mno kutafunika. Kwa kazi moja halina mshindani: darasa la watoto. Kwa ajili ya watoto wenye mzio, shule nyingi hapa hazipokei chakula kilichopikwa nyumbani; zinataka kilichofungwa kiwandani, chenye kibandiko cha viambato. Mama mgeni hutengeneza trei mbili usiku kucha, asubuhi zinarudishwa mlangoni. Uliza kwanza.

La nyumbani, la chokoleti halisi

Hili ndilo ninalolipenda, na ndilo lenye mitego, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Kwa trei moja natumia gramu 340 za chokoleti nyeusi, gramu 340 za nyeupe na pipi za bakora (candy canes, zile zilizopinda kama fimbo) sita kubwa. Inatoka zaidi ya gramu 700. Ukinunua chokoleti nzuri ya kawaida ya dukani, si ile ya bei ya juu kabisa, gharama ya ratili moja huwa ndogo kuliko ya kopo, na pesa ya ziada ukiwa nayo iweke kwenye nyeupe. Nyeusi ya asilimia 60 au 65 inatosha. Zaidi ya 70 uchungu wake hugombana na sukari ya juu, na tabaka huwa gumu kuliko mwenzake.

Niseme neno kuhusu chokoleti za kwetu, maana naulizwa. Kakao ya bonde la Kilombero, inayonunuliwa na kuchachushwa na Kokoa Kamili, hufika hapa Marekani na kutengenezwa chokoleti na mafundi kama Dandelion wa San Francisco. Mara ya kwanza kuonja nilisimama katikati ya duka nikiwa na kipande mdomoni, machozi yananilenga. Ina uchachu wa matunda, kama forsadi. Usiitie peremende. Uchachu ule na mnanaa havikai nyumba moja, na utakuwa umeharibu vyote viwili. Uile peke yake, na gome litengeneze kwa chokoleti tulivu isiyo na mengi ya kusema.

Mtego wa kwanza ni joto. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa namna kadhaa, na ni moja tu inayotoa chokoleti inayong'aa na kulia "tak" ikivunjwa. Ukiiyeyusha ovyo na kuiacha ipoe yenyewe, hutoka laini, na baada ya siku mbili ina ukungu mweupe. Haijaoza, lakini si ya kumpa mtu. Dawa yake ni hii: yeyusha theluthi mbili ya chokoleti nyeusi juu ya mvuke wa maji, bakuli lisiguse maji, mpaka ifike nyuzi 45. Ondoa motoni. Tia theluthi iliyobaki, uliyoikatakata, ukoroge taratibu mpaka ishuke nyuzi 31 au 32. Ile ngumu uliyotia ndiyo inayoifundisha iliyoyeyuka namna ya kuganda. Nyeupe ni dhaifu zaidi: isipite nyuzi 43, na ishushe hadi 28 au 29. Kipimajoto cha jikoni cha dola kumi na tano kinatosha kabisa.

Mtego wa pili ni maji. Matone machache tu yakiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, hukaza ikawa kama udongo wa mfinyanzi. Kausha bakuli, kausha mwiko, futa chini ya bakuli kabla ya kumimina. Hapa ndipo linapoingia suala la peremende ya chupa. Ziko aina mbili, na hukaa rafu moja. Moja ni ladha iliyoyeyushwa katika alkoholi, inayopimwa kwa nusu kijiko cha chai. Nyingine ni mafuta yenyewe ya peremende, yanayopimwa kwa matone. Mimi nilihamia kwenye mafuta kwa sababu mbili. Hayakazi chokoleti. Na jirani yangu, mama wa Lamu, hali chochote kilichotiwa alkoholi hata iwe nusu kijiko, nami siwezi kuwa na sherehe ambayo mlango wa chini unapitwa. Chagua mafuta yaliyoandikwa kuwa ni ya kuliwa. Yale ya kujifukiza hayaingii jikoni. Matone manne kwenye nyeusi, mawili kwenye nyeupe, onja, kisha uamue. Na angalia chupa iseme peppermint, si spearmint. Spearmint ni mnanaa mwingine, hauna mentholi ya kutosha, na gome litanukia ubani wa kutafuna.

Mtego wa tatu ulinipata mwenyewe, mwaka wangu wa pili hapa. Nje kulikuwa na theluji, nikaona Mungu amenipa friji ya bure. Nikamimina tabaka jeusi, nikaitoa trei kwenye baraza, likawa jiwe kwa dakika tano. Nikamimina jeupe, nikairudisha nje. Nilipoivunja mbele ya wageni matabaka yaliachana kama ngozi ya kitunguu, nyeusi huku, nyeupe kule. Na ilipoingia ndani kwenye joto ikatoa jasho, pipi za juu zikaanza kuchuruzika wekundu. Sababu zote mbili nazijua sasa. Chokoleti ikiganda hunywea, na tabaka lililokwisha kunywea kabisa halina cha kushikana na jipya linalomiminwa juu yake. Nayo hewa ya ndani ikikutana na kitu cha baridi kali huacha umande. Siku hizi naacha trei mezani. Naligusa tabaka jeusi kwa ncha ya kidole: lisipochafua kidole lakini likiwa bado linabonyea, hapo ndipo namimina jeupe, wala sisubiri dakika moja zaidi.

Pipi zenyewe si shida. Za bakora ni za kupendeza, lakini zile za duara zenye mistari zina ladha ileile na ni rahisi zaidi. Zitie kwenye mfuko mnene, ponda kwa mchi, kisha chekecha. Vipande vikubwa vya juu, na ule unga wa waridi usiutupe: uchanganye na chokoleti nyeupe kabla ya kumimina, na hutahitaji hata yale matone mawili. Nyunyiza papo hapo, chokoleti ikiwa bado mbichi. Ukichelewa, pipi zitakaa juu bila kushika na wageni wako watazikuta zote chini ya chombo. Kama nyumba yako haili rangi inayotokana na wadudu, soma kibandiko cha pipi, kwa kuwa wekundu wa baadhi yake hutoka huko.

La vidonge

Kuna siku nalichagua hili bila kuona haya. Watoto wanapotaka kupika wenyewe, kwa mfano: vidonge huyeyuka, humiminwa, huganda, hung'aa, bila kipimajoto na bila theluthi ya kutia baadaye. Mtoto wa miaka saba anaweza kumaliza kazi yote na kujivunia. Au kama unahitaji trei sita za bazaa ya kanisa na mfuko wako hauruhusu. Tia peremende zaidi kidogo ya kawaida, kwa sababu ya ule utando niliousema.

Usichanganye tu. Nimeona wengi wakiweka chokoleti nyeusi halisi chini na vidonge vyeupe juu, wakidhani wamepata nusu ya uzuri kwa nusu ya bei. Mafuta ya mise na siagi ya kakao hayapatani. Yakikutana hulainishana, na baada ya siku chache ukungu huota kwenye mpaka wao. Kama ni vidonge, viwe vidonge juu na chini.

Kwa asiyetaka kutafuna pipi ngumu

Mkwe wangu ana meno ya bandia, na gome lolote kwake ni mateso. Kwake nanunua After Eight, vile vibapa vyembamba vya chokoleti nyeusi vyenye peremende laini ndani, vilivyotolewa na Rowntree wa York, Uingereza, mwaka 1962. Ndani huanza kikiwa kigumu kama donge la sukari, kisha kimeng'enya kilichotiwa humo hukilainisha polepole kikiwa kimekwisha kufungwa. Wamarekani wana chao, York Peppermint Pattie, cha tangu 1940. York hii ni ya Pennsylvania. Ni kinene zaidi na peremende yake ni kali. Vyote viwili ni vitu vya mwaka mzima, havina sherehe ya gome, lakini mzee anakula akifurahi na hiyo inatosha.

Kulibeba kwenda nyumbani

Desemba ya Dar es Salaam hupita nyuzi 30 mchana, na sanduku hukaa uwanjani juani. Chokoleti halisi itafika imekuwa bapa moja lenye ukungu, na vidonge havina uhakika wa kunusurika. Pipi za bakora husafiri vizuri zikifungwa zisipate unyevu, na chupa ndogo ya mafuta ya peremende haichukui nafasi. Nikienda nabeba hivyo viwili, chokoleti nanunua hukohuko, na tunatengeneza usiku, dirisha wazi na feni ikizunguka. Pipi hunyonya unyevu wa pwani upesi, kwa hiyo liingize kwenye chombo kinachofunga vizuri mara linapoganda, na huko friji inaruhusiwa mradi mfuniko usifunguliwe mpaka chombo kirudi joto la chumba. Likiwa huku kwenye baridi, chombo kilichofungwa kabatini hulitunza wiki mbili bila shida. Liweke mbali na biskuti nyingine. Mafuta hunyonya harufu, na visheti vilivyolala kando ya gome usiku mmoja huamka na mnanaa.

Mwaka huu binti wa dada yangu ana wenzake kumi na wawili kazini, nyumba isiyo na baridi na dola 25. La kopo halimtoshi kwa hesabu hiyo. Nimemwambia anunue nyeusi ya kawaida, nyeupe yenye "cocoa butter" kwenye orodha, pipi za duara na mafuta ya chupa ndogo, na kipimajoto nitampelekea changu cha zamani kwa posta. Akishamimina tabaka jeusi anipigie kwa video, alibonyeze kwa kidole nikiona, ndipo nimwambie amimine jeupe.